Mwanangu anakumbuka kila kitu alichosikia, lakini hawezi kusema habari ilihusu nini

SWALI

Assalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Wete, Pemba, na ninakuandikia kuhusu mwanangu wa kati, mvulana wa miaka saba aliyeko darasa la pili. Asubuhi huenda skuli na alasiri huenda chuoni kusoma Kurani, na huko chuoni mwalimu wake humsifu sana, kwa sababu sura anayosomeshwa leo huja nayo kesho akiwa ameihifadhi bila ya kukwama. Skuli ndiko kunakonitia wasiwasi.

Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita akanieleza kwamba katika zoezi la kusikiliza aliwasomea watoto habari fupi. Habari yenyewe ni ya babu aliyeanika karafuu uwanjani, akachukua pakacha lake jipya kwenda sokoni, akamwacha mjukuu wake azilinde. Mjukuu akaenda kucheza mpira, mvua ikanyesha na karafuu zote zikaroa. Watoto walipoulizwa habari ile inahusu nini, mwanangu alinyoosha mkono akajibu, "Inahusu pakacha." Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka niliposimuliwa, lakini usiku sikupata usingizi.

Niliporudi nyumbani nilimtaka anisimulie mwenyewe, na alisimulia yote: jina la babu, rangi ya mpira, siku aliyokwenda sokoni, hata idadi ya majamvi yaliyotandikwa. Nilipomuuliza, "Kwa hiyo kulitokea nini?" alianza tena tangu mwanzo. Hivyo ndivyo anavyofanya hata kwa hadithi za bibi yake, ambaye humsimulia karibu kila usiku.

Jirani yangu ananishauri nimwachishe hizo hadithi na nimkalishe na kitabu, kwa maana anaona zinampotezea muda. Baba yake ni mvuvi na sehemu kubwa ya mwezi yuko dago, yaani kwenye kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, kwa hiyo hawezi kunisaidia, na uwezo wa kumlipia mtoto tuisheni sina. Naomba unieleze, je, mwanangu ana upungufu wa akili? Na kama hana, nifanye nini hapa nyumbani?

Mama wa Wete


JIBU

Waaleikum ssalaam mama mwenzangu,

Nianze na lile lililokunyima usingizi. Mtoto aliyesikia habari mara moja, kisha akaweza kutaja jina la babu, rangi ya mpira na idadi ya majamvi, hana dalili yoyote ya upungufu wa akili, wala hakuwa amezubaa darasani. Alisikiliza, na huenda alisikiliza kuliko wale waliomcheka. Lililomshinda ni kazi nyingine inayofuata baada ya kusikia, nayo ni kupima ni lipi kati ya yote aliyoyasikia ambalo mengine yanalitegemea, na uwezo huo huchelewa kukomaa hata kwa watoto wenye akili nyepesi. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Ann Brown na Jeanne Day, walichapisha uchunguzi wao juu ya namna wanafunzi wa umri mbalimbali wanavyofupisha habari, na waliona kwamba wanafunzi wa darasa la tano waliweza kuondoa maneno yasiyo na uzito, lakini kutunga wenyewe sentensi moja inayobeba wazo ambalo mwandishi hakulitaja waziwazi kuliwashinda wengi wao. Hao walikuwa watoto wa darasa la tano, tena habari iko mbele yao kwa maandishi. Wa kwako ana miaka saba, na habari ilikwisha kupita hewani.

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu, ambalo mimi naona ndilo la kushika. Umesema chuoni anasifiwa kwa kuhifadhi. Chuoni mtoto akiruka neno moja hurudishwa nyuma, na akikosea irabu moja husahihishwa, na ndivyo inavyopasa kuwa, kwa kuwa pale hakuna cha kupunguzwa wala cha kuongezwa. Lakini mtoto huyo huyo, siku hiyo hiyo, anapokuwa skuli akasomewa habari ya babu na karafuu, anatakiwa afanye kinyume chake: ayaache maneno mengi abaki na jambo moja. Hakuna aliyemweleza kwamba hizi ni kazi mbili. Yeye anaikabili ya pili kwa ustadi alioupata katika ile ya kwanza, anahifadhi kila kitu kwa uaminifu, kisha akiulizwa swali la haraka anatoa kimojawapo kilichomvutia, na mara hii kilichomvutia kilikuwa pakacha jipya. Kwa hiyo usiguse hata kidogo mwendo wake wa chuoni. Unachotakiwa kufanya ni kumtajia kazi kabla hajaanza kusikiliza: "Hii nataka uniletee yote kama yalivyo," au, "Hii nataka uniletee jambo moja tu, hayo mengine hata ukiyasahau si kitu." Utashangaa jinsi maneno hayo ya mwisho yanavyompumzisha mtoto mwenye kuhifadhi sana, kwa sababu pengine hajawahi kupewa ruhusa ya kusahau.

Ukitaka kumwonyesha maana ya jambo moja hilo, usihangaike na maelezo. Mtoto wa Wete amekwisha kukaa na watu wazima wakichambua karafuu usiku, na anajua kwamba karafuu hutupwa upande mmoja na makonyo, yaani vijiti vinavyozishika, upande wa pili. Anajua pia kwamba makonyo si takataka, kwa kuwa nayo yana mnunuzi wake na hutolewa mafuta. Kosa ni kuyachanganya. Mwambie kwamba jina la babu, rangi ya mpira na lile pakacha ni makonyo ya habari ile: ni mazuri, yanaipamba, na akitaka kuyasimulia ayasimulie, lakini mwalimu alipouliza habari inahusu nini alikuwa anataka karafuu. Nimekusudia kusisitiza kwamba makonyo yana thamani, kwa sababu mzazi akimwonyesha mtoto kwamba yale aliyoyakumbuka ni upuuzi, mtoto huacha kukumbuka na pia huacha kusema, na hapo tutakuwa tumempoteza kwa pande zote mbili.

Baada ya hapo, mazoezi. Lililo bora kuliko yote, kwa maoni yangu, halihitaji kitabu wala kalamu, na wazee wetu wamelitumia bila ya kuliita zoezi: mtume mtoto na ujumbe. Siku hizi tuna simu, tunampigia jirani wa nyumba ya tatu badala ya kumtuma mtoto, na kwa kufanya hivyo tumewapokonya watoto somo lao la kusikiliza. Chukulia kwamba wewe na wifi yako mlipanga kwenda mjini Chake Chake Jumamosi na safari imevunjika. Mwite mwanao umpe ujumbe kamili, mrefu kama watu wazima wanavyozungumza: "Nenda kwa shangazi yako umwambie kwamba baba yako amepiga simu kutoka dago, upepo ni mkali na samaki hawajapatikana, kwa hiyo fedha za nauli hazijafika, na ile safari yetu ya Chake haipo tena Jumamosi hii mpaka ya wiki ijayo, halafu umwambie mtoto wake mdogo aliyekuwa na homa tunamuombea." Kabla hajatoka mlangoni muulize, "Ukifika kwa shangazi ukayasahau yote isipokuwa jambo moja, ni jambo gani hilo ambalo lazima alipate?"

Mara ya kwanza huenda akajibu, "Upepo ni mkali." Usimkatalie papo hapo. Muulize, "Shangazi akijua upepo ni mkali tu, Jumamosi atafanya nini?" Atafikiri, atamwona shangazi yake katika mawazo amevaa buibui anasubiri gari barabarani, na mwenyewe atasema, "Atatoka, atatusubiri." Basi jambo la lazima ni lipi? "Safari haipo Jumamosi." Hapo amefanya kazi yote ambayo mwalimu wake alikuwa anaitafuta: amelipata jambo kuu, na amelipata kwa kufikiria nani analihitaji na kwa sababu gani. Upepo na fedha za nauli vimekaa mahali pake, yaani vimekuwa sababu. Uzuri mwingine wa ujumbe ni kwamba hukosolewa na mambo yenyewe. Usipofika vizuri, shangazi atatoka bure, na mtoto ataelewa kosa lake bila ya mtu kumcheka. Panga tu na wifi yako mapema, ili asije akaadhibiwa yeye na mguu wa bure kwa ajili ya masomo ya mwanao, na umuombe kwamba ujumbe ukifika naye amuulize mtoto, "Kwa nini?" ili yale mengine nayo yapate pa kusemwa.

Zoezi la pili ni la hadithi, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na jirani yako. Bibi asiachishwe kusimulia. Anayesema hadithi zinapoteza muda wa kusoma hajui kwamba kusoma kwenyewe kunategemea kusikia. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi kunatokana na mambo mawili yanayotegemeana: uwezo wa kuyatamka yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe, ule ule tunaoutumia tunaposikiliza, likikosekana moja, lile jengine halimfikishi mtu popote. Mtoto wako anapomsikiliza bibi yake anajenga hilo la pili, na umri huu wa kuhangaika bado na herufi ndio umri ambao masikio yake yanaweza kupokea habari nzito kuliko macho yake. Ukimkalisha na kitabu peke yake, utampa sentensi nyepesi anazoweza kuzisoma na utamnyima hadithi nzito anazoweza kuzielewa.

Chukua hadithi ya kima na papa, ambayo naamini bibi yake anayo. Kima alikuwa akimrushia papa matunda ya mkuyu ulioinamia baharini, wakawa marafiki; papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, na walipofika katikati ya maji akamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao wakitembea huiacha mioyo yao mitini, basi na warudi wauchukue, na alipofika pwani akaparamia mti na asishuke tena. Bibi akimaliza, usimuulize mtoto swali la wazi lisilo na mipaka. Mpe sentensi tatu achague: ya kwanza, "Hadithi hii inahusu mkuyu", ya pili, "Hadithi hii inahusu wanyama", ya tatu, "Kima alidanganywa na rafiki yake ili auawe, akajiokoa kwa akili yake."

Faida ya sentensi tatu hizi ni kwamba moja ni finyu mno, moja ni pana mno, na moja inaenea sawasawa, na mtoto anaweza kuzijaribu mwenyewe. Akichagua mkuyu, mwambie, "Haya, tuung'oe mkuyu tupande mwembe. Hadithi imeharibika?" Atasema haikuharibika, papa atakula embe. Basi mkuyu si karafuu. Akichagua wanyama, muulize, "Na ile ya sungura na fisi, nayo si ya wanyama? Sasa nitajuaje kwamba unanisimulia hii na si ile?" Ataona kwamba sentensi hiyo inaingia kila mahali, na kwa hiyo haisemi kitu. Kisha mrudishe kwenye habari ya skuli, kwa upole na pasipo kuitaja aibu yake: "Babu angechukua kikapu badala ya pakacha, karafuu zisingeroa?" Hapo atacheka mwenyewe. Na je, mjukuu angebaki kulinda? Zisingeroa. Kwa hiyo jambo kuu liko kwa mjukuu aliyeacha kazi aliyopewa na karafuu zikaroa, na mtoto atakuwa amelifikia kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja na kuangalia kipi kikibadilika habari nzima hubadilika nacho. Akizoea kuchagua, muombe yeye atunge hiyo sentensi ya tatu, na baadaye aipe hadithi jina jipya. Usimharakishe kufika huko.

Tena usifanye hivyo kila usiku. Hadithi moja kati ya kadhaa inatosha, nyingine zibaki hadithi. Bibi akigeuzwa mtahini, mtoto ataanza kujifanya amelala.

Kuna swali moja ambalo ninakuomba uliepuke, ingawa limejaa midomoni mwetu sisi walimu: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo ni zuri kwa wakati wake, lakini linatafuta funzo, na funzo ni kitu kingine. Watoto wetu ni wepesi sana wa kujibu, "Inatufundisha tusiwe wachoyo," au, "Inatufundisha tuwatii wazee," na majibu hayo hufaa kwa nusu ya hadithi zilizopo duniani hata kwa mtoto ambaye hakusikia chochote. Mtoto aseme kwanza nani alipatwa na nini na akafanya nini. Funzo litafuata, na likifuata litakuwa limetoka ndani ya hadithi aliyoielewa.

Habari zisizo za kisimulizi, kama matangazo na maelezo, ni ngumu zaidi kwa umri wake, kwa hiyo ziende polepole. Zitumie zile zinazohusu nyumba yenu. Redio inapotoa taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi, nyote mnaisikiliza kwa sababu baba yuko baharini. Iishapo, muulize maswali mawili kwa mpangilio huu: "Walikuwa wanazungumza juu ya nini?" na, "Wamesema nini juu yake?" La kwanza litamletea neno moja, upepo, la pili litamletea sentensi, kwamba upepo utakuwa mkali na vyombo vidogo vijihadhari. Watoto wengi hukwama kwenye lile neno moja wakadhani wamemaliza, na wakati mwingine hata watu wazima wanaotoka mkutanoni husimama hapo hapo: "Walizungumza juu ya maji." Walisemaje juu ya maji? Hawajui.

Kuhusu skuli, mwombe mwalimu wake mambo mawili, na umuombe kwa heshima, kwani mwenye darasa lililojaa watoto hana nafasi kubwa. Awaambie watoto kabla ya kusoma watafute nini, kwa mfano, "Sikilizeni mjue kwa nini karafuu ziliroa." Na asome mara mbili inapowezekana, mara ya kwanza wapate habari kwa ujumla, mara ya pili wapate vipengele vyake. Habari inayosomwa mara moja, darasa linavuma na mvua inapiga mabati, hupima masikio zaidi ya inavyopima ufahamu. Na kwa kuwa nimetaja masikio: ukiona anageuza upande mmoja wa kichwa anapoitwa, anaomba kurudiwa mara kwa mara, au amewahi kutokwa na usaha, mpeleke hospitali akapimwe. Kwa maelezo yako sidhani kwamba hilo ndilo lake, lakini ni jambo la kuondoa shaka.

Nimebakisha baba yake, ambaye umesema hawezi kusaidia. Anaweza, na kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa dago. Anapopiga simu huwa salio ni dogo na mtandao unakatikakatika, kwa hiyo kila mtu nyumbani husema maneno machache. Mpe mwanao zamu yake katika simu hiyo, na mwambie mapema, wakati chakula kiko jikoni, kwamba baba ana nafasi ya kusikia jambo moja tu la leo kutoka kwake, achague lipi. Mwache ahangaike nalo mpaka simu ilie. Naye baba umwombe kwamba akishasikia ajibu kwa kuuliza, "Ikawaje?" na asiridhike na, "Hujambo, unasoma vizuri?" kama sisi wote tunavyofanya. Siku za mwanzo mtoto ataanza na kuku aliyeingia jikoni saa mbili asubuhi na salio litakwisha kabla hajafika kwenye jambo. Mwache, kesho atajipanga.

Wasalaam.